Hati ya Dawa ni Amana

Mgonjwa wa saratani hupigana vita viwili: vya maradhi yenyewe, na vya dawa anazotibiwa. Dawa hizo humletea kichefuchefu na kutapika, hata wengine huacha tiba kabla ya wakati. Ndiyo maana kila dawa mpya ya kuzuia kutapika hupokewa kwa shangwe, na wafanyabiashara huanza kuhesabu faida. Sisi tunasema, shangwe hiyo iwe na macho.

Tuchukue mfano wa ondansetroni, dawa ya kampuni ya Glaxo, iliyoidhinishwa Marekani Januari 1991. Manufaa yake yalithibitika na soko lake likapanuka. Hata hivyo, mwaka 2012, miaka 21 baadaye, wakaguzi wa Marekani walitangaza kwamba dozi moja ya miligramu 32 ya kudungwa mshipani yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuhatarisha maisha. Hati ikaandikwa upya: dozi moja ya mshipani isizidi miligramu 16.

Mwaka huo huo GlaxoSmithKline, mrithi wa Glaxo, ilikubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashtaka mengi. Miongoni mwa madai ya Serikali ya Marekani ni kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa ajili ya kichefuchefu cha wajawazito, matumizi yasiyokuwamo katika hati iliyoidhinishwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba hati ndiyo mpaka wa biashara ya dawa, na kwamba mpaka huo hauwekwi mara moja tu. Kuidhinisha ni mwanzo wa ukaguzi, wala si mwisho wake.

Haki ya pekee ya kuitengeneza ilipokwisha nchini Marekani, mwishoni mwa 2006, viwanda vingine viliingia sokoni na bei ikashuka. Hiyo ni neema kwa wanyonge. Lakini viwanda vikiwa vingi, karatasi za maelezo nazo huwa nyingi.

Kwa hiyo tunawahimiza ndugu zetu wa Wizara ya Afya na wakaguzi wa bandarini wasitazame bei na tarehe ya mwisho peke yake. Waisome karatasi: je, onyo la moyo limo? Je, kipimo ni kile kilichorekebishwa? Na mgonjwa aelezwe hayo kwa Kiswahili kilicho wazi.

Mgonjwa hana maabara. Alichonacho ni neno lililoandikwa juu ya dawa. Neno hilo ni amana, na kila aliyekabidhiwa amana ataulizwa.