Uvira: Kabla ya kuuliza bei ya mtumbwi, jua kwanza utaupeleka wapi

UVIRA, Kivu Kusini – Kijana wa mtaa wa Rugenge aliyekusanya dola kidogo kidogo ili apate mtumbwi wake wa kwanza, mara nyingi huanza na swali moja: bei ni ngapi? Swali hilo ni la lazima, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mtumbwi utafanya kazi gani, utakwenda mbali kiasi gani, na ni watu wangapi watakaopiga kasia? Anayekosea hapo anaweza kupoteza akiba ya familia nzima. Na ziwani, kosa hilo linaweza kuua.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita karibu 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Uvira iko kwenye ncha ya kaskazini. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini husukuma mawimbi safari ndefu kabla hayajafika huku, na njiani yanazidi kukua. Usiku, upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Mvuvi anatoka ukimsukuma mgongoni, lakini akitaka kurudi kabla ya kukucha, anapambana nao uso kwa uso.

Kwa hiyo umbo la mtumbwi si jambo la urembo. Mtumbwi mrefu na mwembamba huenda mbio, hushika njia yake, na haumchoshi mpiga kasia. Lakini kuugeuza ni kazi, na asiyeuzoea huona unamyumbisha. Mfupi na mpana hutulia na hugeuka upesi, ila kila mita inadai nguvu zaidi. Pande zikiwa juu sana, upepo huusukuma kando. Zikiwa chini sana, maji huingia.

Tumbo la mtumbwi nalo hudanganya wengi. La bapa hutulia kabisa kwenye maji matulivu ya ufukweni, na mnunuzi hurudi nyumbani akifurahi. Mawimbi yakija ya ubavuni, tumbo hilo hulala pamoja na wimbi na linaweza kupinduka ghafla. Tumbo la mviringo huyumba kidogo tangu mwanzo, lakini huacha wimbi lipite chini yake.

Ziwani kila kazi ina chombo chake. Mtumbwi wa gogo moja unamfaa mvuvi wa ndoana au wa wavu mdogo, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, karibu na ufuko. Anayetaka kubeba nyavu nyingi, watu kadhaa au mizigo, anahitaji mashua ya mbao, ambayo inaweza pia kufungwa moteri. Lakini ni nzito, na kila mara inadai kuzibwa nafasi kati ya mbao. Kwa ndakala wanaovuliwa usiku kwa taa, kuna katamara: vyombo viwili vilivyounganishwa kwa miti, na wavu unashushwa katikati. Inatulia sana, lakini inahitaji kundi la wavuvi. Mtu mmoja hawezi kuirudisha pwani upepo ukibadilika.

Mbali na hapa, Wainuit wa Greenland walitengeneza kayaki zao za kuwindia kwa kupima mwili wa mwenyewe, maana mtu mrefu na mtu mfupi hawafai chombo kimoja. Mnunuzi wa Uvira naye anaweza kujipima. Aingie mtumbwini akiwa pwani, akae, aegemee upande mmoja, kisha wa pili. Aweke mawe au mifuko ya mchanga yenye uzito wa wavu, samaki na wenzake, halafu aangalie pande zimebaki juu ya maji kiasi gani. Apige kasia dhidi ya upepo, si kwa kuufuata tu. Kama chombo ni cha mbao na kimekaa juani siku nyingi, akiache majini usiku mmoja: mbao zikishiba maji huvimba na kubana. Ikiwa asubuhi bado kinavuja, kuna kazi ya fundi, na bei inapaswa kushuka.

Tena, asimalize pesa zote kwenye mtumbwi. Jile ya kuokolea kwa kila anayepanda, kasia moja ya akiba na kopo la kuchotea maji vihesabiwe pamoja na bei, kama sehemu ya chombo chenyewe. Ikiwa pesa hazitoshi kwa mtumbwi mkubwa pamoja na jile, basi achukue mtumbwi mdogo na jile, avue karibu na pwani. Mkubwa atanunua msimu mwingine, akiwa hai.