Leza yapunguza presha ya macho

HUENDA wewe ni dereva wa lori unayengoja zamu ya kupakia mafuta Shimanzi, au karani katika mojawapo ya mabohari ya huko. Siku hizi unajikwaa ngazini, na juzi uligonga lori lililokuwa ubavuni mwako, ukaapa kwamba hukuliona. Hata hivyo gazeti hili unalisoma bila taabu, kwa hivyo wasema macho yako ni mazima.

Usiwe na hakika. Huenda hiyo ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Usiichanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena, lakini uoni ulioharibiwa na glakoma haurudi.

Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kupitia kichujio kidogo, karibu na pale sehemu nyeusi na nyeupe zinapokutana. Kichujio kikikosa kupitisha majimaji vizuri, presha hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida presha hiyo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Aghalabu uoni wa pembeni ndio huanza kupotea, tena bila maumivu.

Kwa miaka mingi tiba ya kwanza imekuwa matone kama timololi, yanayotiwa kila siku, maisha yote. Chupa ikiisha kabla ya mshahara, mgonjwa huacha kwa kuwa hasikii maumivu. Tena timololi haimfai mwenye pumu.

Tiba ya leza ni njia nyingine. Daktari wa macho hutia tone la ganzi, huweka kioo maalumu juu ya jicho, kisha huelekeza miale kwenye kichujio. Kazi huchukua dakika chache, nawe hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Miale hiyo haitoboi tundu, bali huamsha chembechembe za mwili zisafishe kichujio, na presha hushuka baada ya wiki kadhaa.

Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, wagonjwa 201 walishiriki utafiti uliochapishwa 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31.

Hata hivyo, leza haifai kila aina ya glakoma. Jicho laweza kuuma kidogo au kuwa jekundu kwa siku chache, na presha yaweza kupanda kwa muda. Nguvu ya tiba hupungua kadiri miaka inavyopita, ingawa yaweza kurudiwa, na wengine bado huhitaji matone au upasuaji. Kwa hivyo usiache matone yako kabla ya kuambiwa na daktari, wala usikose siku ya kliniki.

Vumbi la malori likikuwasha macho, usikimbilie dukani kununua dawa bila ushauri. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi, ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha ya macho.

Ukiwa na miaka 40 au zaidi, nenda ukapimwe presha na ukaguliwe mshipa, kwani wapo wagonjwa ambao presha yao ni ya kawaida. Ukikutwa na glakoma, waambie ndugu zako na wanao wapimwe pia, hata kama wanaona vizuri.