Kinga Kwanza: Hirizi, Mvuje na Macho ya Omo katika Pwani ya Tanga

Mtoto mchanga wa pwani ya Tanga, awe wa Ngamiani mjini, wa Pangani au wa Moa, mara nyingi hutolewa nje kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuzungushiwa kinga. Mkononi ana uzi mweusi wenye kifundo cha kitambaa cheusi, na ndani ya kifundo mna kipande cha mvuje. Usoni amepakwa doa la wanja, limewekwa upande makusudi ili limpunguzie uzuri, na jicho la atakayemtazama litue kwanza hapo. Mgeni akimsifu mtoto akasahau kusema mashallah, bibi atamkumbusha papo hapo, na hakuna atakayemwona bibi huyo amekosa adabu.

Wengi wanaosikia habari za hirizi kwa mbali hudhani ni vitu vya kuvuta bahati, kama kiatu cha farasi ambacho Waingereza hukitundika mlangoni. Dawa za mvuto tunazo pwani, na za kusafisha nyota zipo, na wateja wake hawakosekani. Lakini ukizikusanya kinga zote za watu wa Tanga na kuzitazama pamoja, utaona nyingi zimesimama juu ya wazo jingine kabisa. Riziki amekwisha kuigawa Mungu. Mtoto amekuja, mnazi umezaa, nyumba imeezekwa, chombo kimeshuka majini. Kinachoogopwa sasa ni jicho la mtu, husuda ya yule anayeiona neema na asiipende kwa mwenzake. Ndiyo maana kinga hukithiri pale pale neema inapoonekana kwa macho: uzazi, harusi, nyumba mpya, biashara iliyoanza kuchangamka. Waturuki na Wagiriki wanaovaa shanga ya buluu yenye mchoro wa jicho wana hofu ile ile, na ni jamaa zetu wa karibu zaidi katika jambo hili kuliko Mwingereza na kiatu chake.

Tuanze na mvuje, kwa sababu ndio wa kwanza kumgusa mtoto. Ni utomvu mgumu wa mimea ya jamii ya Ferula inayoota Iran na Afghanistan, na umeingia pwani kwa njia ile ile iliyoleta udi na marashi, yaani biashara ya bahari. Wahindi huutia jikoni katika dengu na achari. Harufu yake ni kali, karibu na ya kitunguu saumu kilichooza, na kazi yake yote imo katika harufu hiyo: shetani na pepo wabaya, wasemavyo wazee, hawastahimili uvundo wake. Wazo hili halikukaa pwani peke yake. Homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 ilipoikumba Marekani, watu wengi huko walitembea na vifuko vya mvuje shingoni. Walioufunga mvuje huko walikuwa na hofu kama ya mama wa Kipwani, ila wao waliiita maradhi.

Hirizi yenyewe ni kazi ya kalamu, na hapa ndipo pwani inapotofautiana sana na bara. Mwalimu huchukua karatasi, akaandika kwa wino wa zafarani iliyovurugwa na marashi ya waridi. Huandika Ayatul Kursiyu, au sura mbili za mwisho za Kurani, Falaki na Nasi, ambazo ni sura za kujikinga. Pengine Yasini, au sehemu yake. Baadhi huongeza majina ya wale vijana wa pangoni wanaotajwa katika sura ya 18, pamoja na mbwa wao Kitmiri, ambaye jina lake katika nchi nyingi za Kiislamu liliandikwa juu ya barua ili zisipotee njiani. Karatasi hukunjwa mpaka iwe ndogo kabisa, ikashonewa ndani ya kitambaa au ngozi, ikavaliwa mkononi juu ya kiwiko, shingoni au kiunoni. Anayeivaa ana miiko: haingii nayo chooni, na haivai katika mambo ya unyumba. Kama dawa inatakiwa iingie mwilini, aya zile zile huandikwa kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Zafarani huchaguliwa kwa sababu hunyweka. Wino wa dukani haunyweki.

Ukifungua hirizi nyingi (na mwenye hirizi hataki kabisa ifunguliwe) utakuta chini ya aya umechorwa mraba wenye vyumba tisa, kila chumba kina tarakimu au herufi ya Kiarabu. Nitakaa hapa kidogo, maana mraba huu ni moja ya vitu vya ajabu kabisa tulivyorithi. Mstari wa juu una 4, 9 na 2. Wa kati una 3, 5 na 7. Wa chini una 8, 1 na 6. Jumlisha kwa kulala, kwa kusimama au kwa mshazari, jibu ni 15 daima. Katika hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, jina la Hawa lina thamani ya 15, na tarakimu zote tisa zikijumlishwa hufika 45, ambayo ni thamani ya jina la Adamu. Zile nne za pembeni, 2, 4, 6 na 8, zikigeuzwa herufi hutoa neno buduhi, ambalo nalo liliandikwa kwenye barua na mizigo ili ifike salama. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anautaja mraba huu katika kitabu chake cha Al-Munqidh min al-Dalal: mwanamke mwenye uchungu mgumu wa uzazi aliandikiwa juu ya vitambaa viwili visivyopata kuguswa na maji, akavitazama, kisha akaviweka chini ya nyayo zake. Wachina waliujua mraba huo huo kabla Uislamu haujaja. Kwa hiyo karatasi iliyoshonwa na fundi wa viatu katika kibaraza cha Tanga imebeba hesabu iliyozunguka nusu ya dunia, na mwenye kuivaa hana habari nayo, wala hahitaji kuwa nayo.

Masheikh hawakubaliani juu ya haya, na ugomvi wao si mdogo. Tanga ni mji wa madrasa na zawiya, na pia ni moja ya ngome za Ansari Suna nchini, ambao hukataa hirizi za namna yoyote kwa hoja ya hadithi zinazozihesabu kuwa ni ushirikina. Upande wa pili wako wanaoruhusu kwa masharti: yaandikwe maneno ya Mungu au majina yake, lugha yake ieleweke, na mwenye kuitumia aamini kuwa nguvu ni ya Mungu na wala si ya karatasi. Mimi si mufti. Lakini sharti la lugha kueleweka lina manufaa hata kwa asiyeijali fikihi, kwa kuwa linamnyima riziki yule anayechora mistari isiyosomeka, akamtoza mjane pesa za kiwanja.

Kinga hazivaliwi mwilini tu. Shambani kuna kago: chupa iliyojazwa vitu visivyojulikana, kifuu au kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mnazi. Kila apitaye hukiona, na kuonekana ndiyo kazi yake. Mwizi wa nazi anayeamini kwamba tumbo litamvimba hatapanda, na mwenye shamba asiye na uzio wala mlinzi amelinda madafu yake kwa kitambaa. Wadigo, ambao ni ndugu wamoja kutoka Mkinga mpaka Kwale ng'ambo ya mpaka, walikwenda mbali zaidi na kuukinga mji mzima. Katika makaya ya Wamijikenda, ambao Wadigo ni sehemu yao, yaani vijiji vya zamani vilivyojengwa ndani ya misitu, palizikwa fingo, dawa ya mji, mahali walipopajua wazee tu. Haikuruhusiwa kukata miti ovyo karibu nayo. Misitu ikabaki, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia baadhi ya makaya ya upande wa Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miti iliyosimama leo ilisimama kwa sababu ya fingo iliyofukiwa, na wanaosema kwamba mambo haya hayakuacha kitu chochote cha maana wapelekwe huko wakaione.

Baharini kinga huwekwa omoni, yaani mbele ya chombo. Mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kilikuwa na macho mawili yaliyochorwa mbele, moja kila upande, na majahazi ya pwani yamerithi macho hayo kama duara la rangi na nakshi mbalimbali. Kwa macho hayo chombo huiona njia kati ya miamba, tena hulikazia jicho baya mpaka ligeuke. Mabaharia wa Ugiriki ya kale walichora vivyo hivyo. Lakini kinga kubwa ya chombo kipya, kwa maoni yangu, ni siku ya kukishusha: hualikwa mwalimu, husomwa dua au maulidi, huchinjwa mbuzi, na mtaa wote hula. Jirani aliyekula pilau ya chombo na kushika kamba ya kukisukuma majini amekuwa sehemu ya neema ile, na si rahisi kuihusudu neema uliyoishiba. Waliobuni desturi hii waliijua roho ya binadamu barabara.

Mengine niyapite haraka. Mapango ya Amboni yana chumba cha Mzimu wa Mabavu, ambako watu huweka nadhiri na kuacha sadaka zao, wengi wakitafuta watoto. Mpira nao una waganga wake, na uwanja wa Mkwakwani una visa vya timu zilizokataa kupita mlango wa kawaida. Sijaona dawa iliyowahi kumfundisha mchezaji kupiga krosi, na Coastal Union ya Tanga walipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1988 walikuwa na kikosi kinachojua mpira.

Upo mpaka ambao lazima utajwe bila kuuma maneno. Viungo vya watu wenye ualbino vimeuzwa nchini mwetu kama dawa ya utajiri, hasa Kanda ya Ziwa, na watu wameuawa na kukatwa mikono kwa ajili hiyo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Tazama jinsi uovu huo ulivyoipindua mantiki niliyoieleza: mvuje wa mtoto humkinga mtu na jicho la mwingine, ilhali hii ni kumwinda mwingine ili kuivuta mali. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, iliviweka vitu vingi chini ya jina moja la uchawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ndiyo iliyoanza kumtambua mganga wa mitishamba kama mtoa tiba wa kusajiliwa na kusimamiwa. Kuwatenganisha watu hawa, aandikaye aya, achimbaye mizizi na auzaye mifupa ya binadamu, ni wajibu wa kila anayeandika juu ya mambo haya.

Mpaka wa pili uko nyumbani, na unawahusu wenye nia njema. Kwa vizazi vingi pwani imeamini kwamba degedege huletwa na dege, shetani mwenye umbo la ndege, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtoto basi mtoto hukakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka. Mtoto hufungwa hirizi ya dege kabla hajaugua, na akiugua hufukizwa, aghalabu kwa kinyesi cha tembo. Hofu iliyofuata ndiyo iliyoua: kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 uliikuta imani hiyo kwa wazazi. Haikuzuka hivi hivi. Watoto walipelekwa kwanza kwa mganga, wakafikishwa hospitali wakiwa taabani, wakachomwa sindano, wakafa saa chache baadaye, na watu wakaiona sindano kuwa ndiyo muuaji. Sababu mojawapo kubwa ya degedege kali lenye homa katika sehemu zetu ni malaria iliyopanda kichwani.

Wauguzi wenye busara wa pwani wana njia yao katika hili. Hawaikati hirizi mkononi mwa mtoto mbele ya bibi yake, kwa sababu bibi ndiye atakayeamua kama familia itarudi kliniki. Humtoboa mtoto kidole kwa kipimo cha haraka huku uzi mweusi ukiwa pale pale, na malaria kali ikithibitika huanza sindano ya artesunate bila kuchelewa. Mama anayesoma haya amwache mwanawe na mvuje wake akipenda, ila mtoto akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Akikakamaa, alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, asifukizwe, na safari ya zahanati ianze mara moja, hata kama ni usiku.