Kwa Magurudumu na kwa Miguu Katika Kisiwa cha Gozo

Kusini ya Sicily, katikati ya Bahari ya Mediterania, kuna visiwa vitatu vyenye watu, navyo ndivyo vifanyavyo Jamhuri ya Malta. Kikubwa ni Malta chenyewe, ambacho waliosoma Matendo ya Mitume wanakifahamu kwa jina la Melita, mahali alipookoka Paulo baada ya merikebu yake kuvunjika. Kidogo kabisa ni Comino, ambacho wakazi wake wahesabika kwa vidole. Cha pili kwa ukubwa ni Gozo, chenye kilometa za mraba 67 tu na watu wapatao 39,000 kwa hesabu ya mwaka 2021. Kutoka Malta mtu huvuka kwa feri kwa muda wa dakika kama 25, akashuka katika bandari ya Mġarr. Habari ya kisiwa hicho ndiyo tutakayo kuizungumza leo, na hasa habari ya namna wageni wanavyokitembelea.

Siku hizi mgeni afikaye Gozo huelezwa mara moja kwamba njia bora ya kukiona kisiwa ni kujiandikisha katika msafara wa pikipiki za magurudumu manne. Kiongozi hutangulia mbele, wageni humfuata mmoja nyuma ya mwingine, na baada ya mwendo fulani pikipiki huegeshwa, watu wakaenda kwa miguu. Sisi tulijiandikisha. Tulitakiwa kuonyesha leseni halali ya kuendesha gari, tukapewa kofia ngumu, tukafundishwa kwa dakika chache uani, kisha tukatoka.

Yafaa tukieleze chombo chenyewe, maana wasomaji wengi huenda hawajakipanda. Kina usukani wa mpini kama pikipiki, lakini mafuta huongezwa kwa kusukuma kitawi kidogo kwa kidole gumba. Matairi yake ni mapana na yamejazwa upepo kidogo, ili yapate kushika mchanga na mawe. Mwanzo vyombo hivi vilikuwa na magurudumu matatu, navyo vilipindua watu wengi mno. Cha magurudumu manne kilianza kuuzwa na kampuni ya Suzuki katika miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 1988 biashara ya vile vya matatu ilikomeshwa Marekani. Lakini hata hiki cha manne si mnyama mpole. Katika pikipiki nyingi za namna hii magurudumu mawili ya nyuma yameunganishwa kwa mtaimbo mmoja, yote huzunguka sawasawa, na kwa hivyo chombo hakipendi kukata kona. Mpandaji lazima ainamishe mwili wake upande wa ndani wa kona. Asiyejua hayo huzungusha usukani tu kama wa gari, akajikuta anaelekea ukutani. Hata Unguja pikipiki hizi zimekwisha kufika, na vijana wetu wanaongoza misafara yake, kwa hivyo maneno haya si ya mbali kama yanavyoonekana.

Katika barabara hatukupata taabu, maana Malta huendesha upande wa kushoto wa njia, desturi waliyoachiwa na Waingereza kama tulivyoachiwa sisi.

Kabla ya kuondoka kiongozi alihesabu pikipiki zake kwa lugha ya kwao. Tulisikia sitta, tukasikia sebgħa, halafu disgħa, tukatazamana. Msomaji ataona mwenyewe kwamba hizo ni sita, saba na tisa. Makumi nayo ni vivyo hivyo: għoxrin ni ishirini, tletin ni thelathini, ħamsin ni hamsini, mia ni mija na elfu ni elf. Bahari wanaiita baħar, dunia dinja, kitabu ktieb, na fedha wanaziita flus, neno ambalo wazee wetu wa pwani walilitamka fulusi. Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870, na lugha iliyobaki kwa watu wale, ingawa imechanganyika sana na Kitaliano na huandikwa kwa herufi za Kirumi, mifupa yake ni Kiarabu. Lugha yetu mifupa yake ni ya Kibantu, nayo ilipata maneno hayo kwa biashara na ujirani. Basi watu wawili ambao babu zao hawakupata kuonana waweza kuhesabiana fedha bila mkalimani.

Msafara ulipanda kutoka bandarini mpaka Xewkija, kijiji chenye kanisa ambalo kuba lake laonekana karibu kisiwa kizima. Walianza kulijenga katika miaka ya 1950 kwa kulizungushia kanisa la zamani, ili ibada isikatike hata siku moja, na lile la ndani likaondolewa baadaye. Tulilipita kwa mwendo wa kasi. Kiongozi alinyosha mkono, tukageuza vichwa, na kanisa likawa nyuma yetu.

Hapo ndipo tulipoanza kuona upungufu wa mambo. Mtu aliye juu ya chombo hiki macho yake yote yako kwenye kisigino cha aliye mbele. Vumbi linamjia usoni, mngurumo unamziba masikio, na mikono inatetemeka. Asikataliwe furaha yake, maana furaha ipo, nasi tuliionja vizuri katika mteremko wa Xlendi. Lakini akiulizwa jioni ameona nini, atasema ameona kisogo cha mtu.

Huko Ta' Ċenċ, upande wa kusini, majabali yameshuka wima mpaka baharini kwa zaidi ya meta 100. Katika nyufa zake huzaa ndege wa baharini waitwao ċiefa, wanaorudi nchi kavu usiku tu. Juu ya jabali hakuna miti. Kuna jiwe tupu na vichaka vifupi vya zaatari, ambayo wao huiita sagħtar, na nyuki wa Gozo hupata asali humo. Katika jiwe hilo imo mifereji miwili miwili iendayo sambamba, iliyokatwa zamani sana, na wataalamu mpaka leo wanabishana ilikatwa na nini. Kiongozi alituamuru tusitoke katika njia hata shubiri moja. Alituonyesha mahali ambapo mtu fulani, siku nyingine, alikata kona ili awapite wenzake. Udongo wa pale ni unene wa vidole viwili tu juu ya jabali. Tairi lilikuwa limeukwangua, na mvua iliyofuata ikauchukua wote ikautia baharini. Kilichobaki ni jiwe jeupe, na mche wa zaatari hauoti juu ya jiwe jeupe.

Kutoka hapo mpaka Dwejra, magharibi ya kisiwa. Hapa ndipo lilipokuwa lile tao kubwa la mawe lililojulikana ulimwenguni kwa jina la Dirisha la Buluu, na ambalo lilianguka baharini asubuhi ya tarehe 8 Machi 1917+100, yaani mwaka 2017, wakati wa tufani. Yapasa tuseme kweli: halikuvunjwa na wageni, ingawa walikuwa wakitembea juu yake hali wamekatazwa. Liliangushwa na bahari, iliyokuwa ikililamba kwa karne nyingi. Wageni bado wanakuja kupapiga picha mahali ambapo halipo.

Karibu na hapo kuna jabali lililosimama peke yake majini. Juu yake huota mmea mwekundu ulioitwa uyoga wa Malta, ingawa si uyoga kamwe, bali ni mmea unaonyonya mizizi ya mimea mingine. Wakati Mashujaa wa Mtakatifu Yohana walipotawala visiwa hivi, mmea huo ulisifiwa kuwa ni dawa ya kuzuia damu. Mwaka 1746 mtawala wao, Pinto, alipiga marufuku mtu yeyote kulikaribia jabali lile, na aliyekamatwa alitiwa kupiga makasia katika merikebu zao kwa miaka mitatu. Mashujaa waliweka dawa, na wavuvi wa Gozo wakawekewa makasia.

Nao walikuwa wamekwisha kuonja makubwa zaidi. Mwezi wa Julai mwaka 1551 merikebu za Waturuki, chini ya Sinan Pasha na Dragut, zilikizingira kisiwa, ngome ya mjini ikaanguka, na watu wapatao 5,000, karibu watu wote wa kisiwa, wakachukuliwa utumwani pwani ya Libya. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Mji wenyewe, uliokuwa na jina lake la Rabat, Waingereza waliuita Victoria mwaka 1887 kwa ajili ya jubilii ya malkia wao. Wenyeji hujibu barua kwa jina la Victoria, na wakizungumza nyumbani husema Rabat.

Baada ya saa sita tulifika pwani ya kaskazini, mahali paitwapo Xwejni, na kiongozi akaamuru mashine zizimwe. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tulisikia bahari. Tulitembea kuelekea magharibi, mpaka kwenye ghuba nyembamba ya Wied il-Għasri, kisha tukarudi kwa njia ile ile. Mwendo huo, ambao katika ratiba uliandikwa kana kwamba ni pumziko, ndio uliotulipa nauli yetu.

Kwa urefu wa kilometa kama tatu jabali la pwani limechongwa vibwawa vya mraba, mamia kwa mamia, kama vyumba vya sega la asali. Ni mashamba ya chumvi, na yamekuwa yakilimwa kwa zaidi ya miaka 300. Maji ya bahari huingizwa kwanza katika vibwawa vikubwa, jua likayapunguza, kisha yakahamishiwa vidogo. Kwa muda wa siku kama saba, kukiwa na jua na upepo, chumvi huganda. Hufagiliwa kwa mifagio, hurundikwa ili ijichuje maji, ikatiwa katika mapango yaliyochongwa jabalini hapo hapo, ingojee kupakiwa. Kazi huanza kama mwezi wa Mei ikaisha Septemba. Mvua moja isiyotazamiwa huharibu jasho la juma zima. Wanaoifanya ni jamaa wachache waliorithi kwa baba zao, na wao huwaomba wageni wasikanyage vibwawa, maana kingo zake ni nyembamba na kiatu huingiza uchafu katika kitu ambacho mtu atakila.

Mtu aendaye kwa miguu huona alama za patasi. Huona pia kuta za mawe zinazozunguka kila shamba kisiwani, zilizojengwa bila saruji wala chokaa, ili maji ya mvua yapite na udongo ubaki. Kuta hizo zalindwa na sheria tangu mwaka 1997. Kiongozi alitueleza kwamba wakati wa baridi, misafara inapokuwa michache, yeye na baba yake huzijenga upya zilizobomoka, na kwamba kila jiwe lina uso wake na mgongo wake. Alizungumza juu ya mawe kwa nusu saa, wala hakuna mgeni aliyetazama saa.

Tulimwuliza kwa nini basi msafara wa siku nzima una saa moja na nusu tu ya kutembea. Akatujibu waziwazi kwamba wageni hulipia mashine. Bei huwekwa kwa mashine, matangazo hupiga picha ya mashine, na mgeni aliyelipia mashine hudai aipande. Kiongozi ajuaye mawe, ndege na chumvi hulipwa sawa na yule ajuaye njia tu.

Jawabu hilo ndilo tunalotaka kulitilia mkazo. Tangu mwaka 1800 Waingereza waliikalia Malta kwa ajili ya manowari zao, na maelfu ya wafanyakazi walipata riziki yao katika viwanda vya kutengenezea meli. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Septemba 1964, na askari wa mwisho wa Kiingereza waliondoka tarehe 31 Machi 1979. Nchi iliyokuwa ikiishi kwa mshahara wa manowari ilibidi itafute riziki nyingine, na sehemu kubwa ya riziki hiyo sasa ni mgeni. Mwaka 2024 walifika watalii zaidi ya milioni 3.5 katika nchi yenye watu zaidi kidogo ya nusu milioni. Sisi hatuoni aibu yoyote katika kazi ya kupokea wageni. Lakini twauliza, ni kitu gani kinachouzwa? Mashine inatoka ng'ambo, na mafuta yake yanatoka ng'ambo. Kilicho cha Gozo katika msafara ule ni jiwe, chumvi, udongo wa vidole viwili, na kichwa cha yule kijana; navyo ndivyo visivyokuwa na bei katika karatasi tuliyopewa. Tena kimojawapo, yaani udongo, kinaliwa na mashine yenyewe kila dereva mmoja anapotoka njiani.

Maoni yetu ni kwamba mashine ibaki barabarani, ipeleke watu kutoka pwani hii mpaka ile, na mahali penye udongo na vibwawa watu waende kwa miguu, nusu ya siku kwa uchache. Na ujuzi wa kiongozi utajwe katika bei kama unavyotajwa ukubwa wa injini. Kijana yule alitusikiliza kwa adabu. Akasema angependa sana, ila tumweleze mwenye mali, na kwamba wakati huo ilikuwa imebaki Ramla, ghuba ya mchanga mwekundu. Ramla kwao ni pwani ya mchanga; mzizi wake ndio ule tulioupokea sisi katika kupiga ramli.

Tulivaa kofia zetu. Ramla tuliiona kutoka juu ya kilima, kwa muda wa kupiga picha moja, kwa sababu msafara wa alasiri ulikuwa ukizingoja mashine bandarini.