Uongo Uliofinyangwa kwa Udongo

Kiingereza kina vitenzi kadhaa vya kujifanya, ila feign ndicho chenye ukoo mtamu. Hutumika kwa anayejitia mgonjwa ili asiende kazini, au anayekoroma kwa makusudi mdai wake akibisha hodi. Pretend hutumika hata kwa watoto wanaocheza baba na mama. Feign, aghalabu, ni kwa mwenye hila.

Kililetwa Uingereza na Kifaransa cha Wanormandi, walioiteka nchi hiyo mwaka 1066. Wafaransa walisema feindre, kutokana na fingere ya Kilatini. Kwa Warumi, fingere kwanza ilikuwa kufinyanga tu. Mfinyanzi alifinyanga chungu; taratibu watu wakaanza kufinyanga visa vichwani, na mwisho uongo. Mwaka 1713, Isaac Newton, akieleza kwamba hajui chanzo cha mvutano wa dunia, aliandika kwa Kilatini, kwa kitenzi hichohicho fingere, kuwa yeye hafanyi hivyo kwa nadharia tete. Je, alikataa kuziunda au kuzizua? Andrew Motte, aliyemtafsiri mwaka 1729, alichagua kuunda. Nadhani alikosea: Newton mwenyewe, alipoandika kwa Kiingereza katika kitabu chake Opticks, alitumia feign.

Wanaisimu hawakuishia Rumi. Mara nyingi Kilatini kina f mwanzoni mwa neno pale ambapo Kiingereza kina d: mlango ni foris kwa Kilatini, door kwa Kiingereza. Badiliko likijirudia kwa utaratibu namna hiyo, si sadfa tena. Kwa kanuni hiyo fingere ni ndugu wa dough, unga uliokandwa, na wa deha ya Kisanskriti, yaani mwili. Mzizi wao haujapatikana katika andiko lolote. Umeundwa upya kwa kulinganisha lugha, ndiyo maana huandikwa na kinyota mbele: *dheigh-, kukanda udongo.

Tawi moja limefika hadi kwetu. Katika Kiavesta, lugha ya kale ya Iran, ukuta uliitwa daeza, kitu kilichokandwa, na eneo lililozungushiwa ukuta likawa pairidaeza. Wagiriki, waliostaajabia bustani za wafalme wa Uajemi, wakasema paradeisos. Waarabu wakasema firdaws, nasi tukapata Pepo ya Firdausi. Paradiso ya Wakristo nayo ni neno hilohilo, ila lilizungukia Ulaya kwanza.