Jumanne, Bahari Imekupwa

Ratiba nyingi za wiki 12 zinazomwandaa mtu kwa triathloni yake ya kwanza huandikwa kwa watu wenye bwawa la kuogelea jirani. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi: kuogelea. Mkazi wa Dar es Salaam anayetegemea bahari akiifuata, Jumanne moja atakuta maji tele, na Jumanne inayofuata atakuta mchanga mtupu, mwani, na kina mama wakiokota chaza.

Maji kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Ikipita wiki, saa iliyokuwa ya kujaa imekuwa ya kupwa. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani ya Dar es Salaam na Unguja maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne. Mvuvi yeyote atamweleza hayo mwanamichezo bila kufungua simu, na atamwonyesha pia mkondo ulipo mkali. Kwa hiyo kwenye ratiba ya mtu wa pwani, kipindi cha kuogelea ndicho kipangwe kwanza, kwa kufuata maji, kisha baiskeli na mbio zijaze siku zinazobaki. Na asiogelee peke yake.

Mashindano mafupi yanayowafaa wanaoanza huwa na mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia: nusu kamili ya masafa yaliyoingia Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000. Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, yalifanyika mwaka 2022 mashindano ya kilomita 1.9 majini, 90 kwenye baiskeli na 21.1 kwa miguu. Huko si pa kuanzia.

Kinachowaangusha wengi ni deni. Mtu anakosa mazoezi ya Jumanne kwa sababu kikao kazini kimechelewa kwisha, anakosa ya Jumatano kwa sababu ya mvua, halafu Jumamosi anajaribu kuyalipa yote kwa mkupuo. Asilipe. Mwili haujui kilichoandikwa kwenye karatasi. Unachokijua ni uzito uliotwishwa ghafla, na mara nyingi mfupa wa ugoko ndio wa kwanza kulalamika. Kipindi kilichopita kimepita, na kinachofuata kifanywe kama kilivyopangwa. Ikiwa wiki nzima imepotea, ratiba irudishwe nyuma wiki moja. Aliyeugua malaria amalize dawa, homa iishe na hamu ya kula irudi, ndipo aanze kwa kutembea.

Michezo hii mitatu haipunguzwi kwa namna moja. Kuogelea kunataka kurudiwarudiwa: vipindi vitatu vya nusu saa humfaa anayejifunza kuliko kimoja cha saa moja na nusu, kwa sababu akichoka huanza kupiga mikono ovyo na kuuzoea ubovu huo. Baiskeli haiutikisi mwili kwa vishindo, hivyo pumzi iongezwe huko. Mbio ndizo za kupunguzwa mapema maumivu yanapotokea, hasa yakikaa sehemu moja na kuongezeka kila hatua. Uchovu wa kawaida wa misuli huisha baada ya siku mbili tatu.

Kipimo kingine hakigharimu kitu: kuhesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida kwa siku kadhaa, na usingizi ukiwa wa mang'amung'amu, wiki hiyo igeuzwe kuwa nyepesi hata kama ratiba inasema vingine. Wakufunzi wengi huweka wiki nyepesi baada ya kila wiki tatu nzito.

Joto nalo lina hesabu yake. Anayehamia Dar es Salaam kutoka Arusha mwezi Januari huhitaji takribani wiki mbili mwili wake uzoee. Katika muda huo apime juhudi kwa pumzi: akishindwa kutamka sentensi nzima, apunguze mwendo, saa ya mkononi iseme itakavyo.

Wiki ya mwisho muda wa mazoezi hukatwa kwa karibu nusu, lakini vipande vifupi vya kasi hubaki ili miguu isilegee. Viatu vipya, gurudumu jipya na chakula kigeni vingoje hadi mashindano yaishe.