Fedha za Skuli na Kauli ya Mzazi

Tarehe 11 Aprili, 1965, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria ya elimu mbele ya skuli aliyosoma utotoni huko Texas, ubavuni pake akiwa amekaa mwalimu wake wa kwanza. Sehemu ya kwanza ya sheria hiyo iliamuru fedha za serikali kuu zipelekwe katika skuli zenye watoto wengi wa jamaa maskini. Nia ilikuwa njema na fedha zilikuwa nyingi.

Lakini nia njema peke yake haisomeshi mtoto. Mwaka 1969 watetezi wa haki za raia walitoa ripoti iliyoonesha kwamba sehemu ya fedha hizo ilikuwa ikitumiwa kwa mambo mengine kabisa, hata kujengea mabwawa ya kuogelea. Mtoto aliyekusudiwa alibaki vile vile.

Ndipo mwaka 1974 sheria ilipotaka mabaraza ya wazazi yaundwe. Mwaka 1981 sharti hilo lilifutwa. Mwaka 1994 wazazi walirejeshewa nafasi kwa njia nyengine, nayo ni mapatano ya maandishi baina yao na skuli. Leo, wilaya ya elimu inayopokea zaidi ya dola 500,000 hutakiwa kutenga angalau asilimia 1 kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi, na wazazi wenyewe wawe na kauli katika matumizi yake. Aidha, skuli hupaswa kuwaita wazazi mkutanoni kila mwaka na kuwaeleza haki zao.

Hatuyataji haya kwa kudhani kwamba Marekani imemaliza kazi. Pengo baina ya mtoto wa tajiri na wa maskini lingalipo huko. Tunayataja kwa kuwa somo lake linatuhusu. Hapa Visiwani elimu bila ya malipo ilitangazwa mwaka 1964, na wazazi wetu hawakukaa wakitazama. Wamebeba mawe na mchanga, wamesimamisha kuta za madarasa, Serikali ikamalizia. Aliyebeba jiwe anastahili kuliona daftari.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu maafisa: fedha zinapofika skuli, hesabu yake ibandikwe mahali ambapo kila mzazi ataiona. Mkutano nao usiitishwe maji yakiwa yamekupwa, kina mama wako kwenye mwani, kisha ikasemwa kwamba wazazi hawana hamu. Nanyi wazazi, mkiitwa itikeni, na mkifika ulizeni. Kuuliza si utovu wa adabu.

Wazee wetu walikwisha kutuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza neno moja tu: daftari lenyewe lisomwe mbele ya wenye watoto.